Siki Kwanza

Kwa miaka kumi na mmoja nililipwa ili nile. Watu wakisikia hivyo humeza mate, wakadhani nina bahati ya mtende. Kila Jumatano nilikwenda mgahawa mmoja, nikaagiza kama mgeni yeyote, nikala, nikarudi nyumbani kuandika. Ijumaa gazeti lilitoka na safu yangu ukurasa wa kumi na nne, na chini yake jina Kijiko. Hakuna aliyejua Kijiko ni nani isipokuwa mhariri na mke wangu. Watoto tuliwaambia tu kwamba baba anafanya kazi gazetini, maana siri ukimpa mtoto asubuhi, mchana imeshauzwa shuleni kwa peremende mbili.

Nilikuwa na sheria zangu. Siagizi kitu kwa kushauriwa, na simsikilizi mhudumu. Niliamini kabisa kwamba chakula kizuri hakihitaji msemaji, na kwamba mhudumu anayeeleza sana sahani ana jambo analolificha. Sheria hiyo ya pili niliipenda mno. Niliiandika kwenye safu mara mbili, wasomaji wakaniletea barua za pongezi, nikavimba kichwa. Sina haja ya kulificha hilo sasa.

Siku hizi sina safu. Gazeti lilipunguza kurasa, wakaniuliza kama naweza kuhariri matangazo ya vifo na shukrani, nikasema naweza. Nakaa karibu na mashine ya kuchapa, nahakikisha majina ya wajukuu wa marehemu yameandikwa yote, na hakuna anayenipongeza.

Kitindamimba wetu ana miaka ishirini na miwili na amechagua jiko. Anajifunza upishi katika mgahawa wa Kituruki nyuma ya benki kuu, na tangu aanze hatupumui. Nyumbani hakuna habari nyingine ila bilinganya: ya kuchomwa, ya kujazwa, ya kupondwa ikatandikiwa nyama juu. Tena kila sentensi inaanza na Usta. Usta amesema, Usta amekataa, Usta ameonja akatikisa kichwa.

"Usta ni fundi, Baba," alinieleza. "Kwao hata seremala ni usta. Sisi wote jikoni tunamwita hivyo."

Mke wangu alisema akilisikia jina hilo mara moja zaidi kabla ya chai ya asubuhi, atahamia kwa dada yake.

Basi Jumamosi moja akatualika chakula cha mchana. Usta alikuwa amemruhusu apike mwenyewe sahani mbili na awahudumie wazazi wake kwa mkono wake. Nikavaa koti. Mama watoto akavaa bangili zile za harusini, nikamwambia tunakwenda kula bilinganya, si kuposa, akaniambia nimwache.

Mgahawa ulikuwa na meza kumi na mbili, sinia kubwa la shaba ukutani na taa za vioo vya rangi. Kulia kwetu walizungumza lugha nisiyoijua, kushoto lugha nyingine nisiyoijua, na wote walikuwa wakichovya mkate kwenye mtindi kana kwamba wametoka shule moja. Tuliwekwa meza ya kati. Binti yetu akatoka jikoni na koti jeupe lililopigwa pasi, nywele zimefungwa ndani ya kofia, mikono ameikunja mbele ya tumbo kama wanavyofundishwa.

"Karibuni sana, Baba. Karibu, Mama."

"Tumekaribia, mpishi," mama yake akasema. "Lete basi, tumeshinda njaa kwa ajili yako."

Akatuletea visahani vidogo kwanza: jibini nyeupe, mtindi wa tango, majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali. Akatutajia yatakayofuata. Supu ya utumbo, ambayo ameikoroga tangu alfajiri, na baada ya hapo sahani ya zamani ya wapishi wa masultani, nyama laini juu ya bilinganya ya moshi.

"Jina lake kwao maana yake ni 'mfalme kaipenda'," akasema.

"Na baba yako je?" mama yake akauliza. "Huyu akipenda kitu hasemi, anakohoa."

Tukacheka. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba tulikuwa na furaha. Binti yangu humwita mtu mmoja tu duniani baba, na mimi humwita yeye mama, kwa sababu amebeba jina la mama yangu. Nilimtazama akirudi jikoni nikajisikia tajiri.

Supu ikaja. Nyeupe, nzito kidogo, mvuke unapanda. Kando ya kila bakuli akaweka kichupa cha kioo chenye siki iliyotiwa kitunguu saumu kilichopondwa, na kisahani cha pilipili nyekundu. Kwa mazoea ya miaka mingi nikachota na kupeleka mdomoni moja kwa moja.

"Baba! Siki kwanza!"

"Kwani vipi?"

"Ukiinywa hivyo utaona kama maji ya moto tu. Siki na saumu kila mtu anajitilia mwenyewe mezani, kiasi cha mdomo wake. Ndivyo inavyonywewa. Lete nikutilie."

Akanitilia. Akakoroga. Nikaonja tena, na supu iliyokuwa imelala ikaamka. Ilikuwa kali, nzito, tamu ya nyama, na ule ukakasi wa siki ukinishika nyuma ya taya. Nilikuwa nimeshika kijiko hewani. Nilikuwa nakijua kichupa kile.

Miaka kumi na minne iliyopita, karibu na stesheni ya treni, kulikuwa na mgahawa mpya wa Kituruki wenye meza sita. Nilikaa dirishani. Niliagiza supu ya utumbo kwa sababu hakuna mwingine aliyeiagiza. Mhudumu alikuwa kijana mwembamba mwenye shati lililonyooka. Akaweka bakuli, akaweka kichupa, akaniinamia kwa adabu na kuniambia: "Bwana, jiko limeishia hapa. Kilichobaki ni cha mkono wako." Alitaka kuendelea. Nikamnyooshea kiganja. "Mkono wangu umekuja kula, haukuja kupika," nikamwambia. "Nenda, kijana." Akaenda. Nikakisukuma kichupa kando nikidhani ni cha kachumbari, nikainywa supu ilivyo, nikaenda nyumbani kuiandika. Jibu lile nililipenda sana hata nikalisimulia kwenye sherehe mbili tatu, na watu walicheka. Ndiyo maana nalikumbuka neno kwa neno.

"Umeona?" binti yangu akasema. "Nzuri?"

Nikakohoa. Wote wawili wakacheka.

"Basi kwa ajili ya supu hii hii, Usta alifunga mgahawa wake," akaendelea, na uso wake ukakunjamana. "Alikuwa na wa kwake zamani, huko stesheni. Kuna mtu aliuua."

"Aliuuaje?" mama yake akauliza.

"Kwa kalamu. Mwandishi mmoja wa gazeti, anajiita Kijiko. Alikunywa supu bila siki, mjinga yule, halafu akaandika. Usta amekibandika kile kipande cha gazeti ndani ya mlango wa kabati la siki. Kila mwanafunzi anakisoma siku ya kwanza. Mimi nimeshakihifadhi." Akanyanyua kidevu na kukariri kwa sauti ya kubana pua: "'Utumbo Uliooga. Wapishi hawa wameuogesha utumbo wao vizuri sana, jambo la kusifiwa. Kisha, kwa sababu wasizozijua wenyewe, utumbo wakauweka kando na kutuletea maji ya kuogea.'"

Kila koma ilikuwa mahali pake. Niliziweka mimi koma zile.

"Watu waliacha kuja. Walikuwa wakipita dirishani wanacheka. Miezi mitano tu, Usta akafunga, akaenda kuajiriwa kuosha vyombo. Huyo Kijiko nikikutana naye, Baba, wallahi nitammwagia siki kichwani."

Bangili za mke wangu, ambazo hazijawahi kutulia tangu tuoane, zilitulia. Alikuwa ananitazama. Sikumtazama. Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua anajizuia, na nikajua vilevile hatajizuia siku nzima. Masikio yangu yaliwaka. Nilitamani niingie chini ya kitambaa cha meza na kukaa huko mpaka wafunge.

Ningalikuwa mtu, ningalisema pale pale. Nilichosema ni: "Pole yake."

Binti akaenda kuleta sahani ya pili, na aliporudi hakurudi peke yake. Usta mwenyewe ndiye aliyebeba zile sahani. Mtu mfupi, mabega mapana, nyusi nyeupe, aproni imefungwa mara mbili kiunoni. Akatuwekea mbele yetu nyama na bilinganya, akafuta mikono, akatusalimia mmoja mmoja.

"Karibuni, wazazi. Huyu binti yenu ana mkono mwepesi, lakini wenye mikono nimewaona wengi. Huyu anasikiliza. Ukimwambia jambo mara moja, amelishika. Kusikiliza huku hakufunzwa hapa, amefunzwa nyumbani."

"Si na baba yake," mke wangu akasema. Usta akadhani ni utani, akacheka.

Nikaona nikikaa kimya zaidi mama watoto atalipuka, basi nikaokota maneno ya kupitisha wakati. "Binti ametusimulia habari ya mgahawa wako. Pole sana, Usta."

"Nimeshapoa." Akavuta kiti, akakaa ubavuni kama wanavyokaa watu wanaosimama kutwa, taratibu, mikono magotini. "Yule mwandishi mimi simlaumu."

"Humlaumu?"

"Mgeni atajuaje? Asipoambiwa hajui. Kosa lilikuwa letu. Aliyekuwa anahudumu alikuwa mdogo wangu, baba mmoja, mama mmoja. Kazi yake kwenye supu ile ilikuwa moja tu, kumweleza mgeni. Gazeti lilipotoka nikamuuliza. Akaapa kwamba alimwambia. Nikasema, mtu aambiwe, kisha aandike hivi? Haiwezekani. Umezembea, na sasa unanidanganya. Nikamfukuza mbele ya watu."

"Yuko wapi sasa?" mke wangu akauliza polepole.

"Yuko hapa hapa mjini, mama. Anapaka rangi magari, ng'ambo ya reli. Mama yetu alipofariki tulisafiri kila mtu na ndege yake. Tukamzika, yeye amesimama upande ule wa kaburi, mimi upande huu. Tukarudi vilevile."

Nimeshaona aibu nyingi maishani. Nimewahi kukosea jina la marehemu kwenye tangazo la robo ukurasa. Lakini hii ilikuwa nyingine. Mgahawa nilikuwa tayari kuubeba. Mgahawa ungefungwa pengine hata bila mimi, nilikuwa nimeshaanza kujiambia. Ila duniani kote kulikuwa na watu wawili tu waliojua kwamba kijana yule hakusema uongo. Mmoja ni yeye mwenyewe, ambaye hakuaminiwa. Wa pili nilikuwa mimi, na mbele yangu kulikuwa na sahani ambayo mfalme aliipenda.

Nikajaribu mlango wa nyuma. Mimi ni mwoga, ndivyo nilivyofanya. "Labda alimwambia kweli," nikasema. "Labda mwandishi hakusikiliza."

"Hiyo labda nimeila miaka mingi," Usta akasema. "Haishibishi." Akaweka mikono mezani ainuke.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ananitazama kwa macho yale ya kunionea fahari, kwa sababu baba yake anazungumza vizuri na bwana mkubwa wake. Mguu wa mke wangu ukanikanyaga chini ya meza. Haukunikanyaga kwa nguvu. Uliwekwa tu juu ya wangu, ukakaa.

"Alimwambia," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyeambiwa. Kijiko ni mimi."

Binti akacheka. Alidhani ni mzaha, na alikuwa na haki, maana nyumbani mimi ni mtu wa mizaha. Akamgeukia mama yake wacheke pamoja. Alichokiona usoni kwa mama yake kikamnyamazisha.

Usta alirudi kukaa. Sikumwona akikasirika, afadhali angekasirika. "Unasema hivyo unifariji?" akauliza.

"Hapana."

"Alikwambia nini? Kwa maneno gani?"

"Alisema, 'Bwana, jiko limeishia hapa. Kilichobaki ni cha mkono wako.'"

"Rudia."

Nikarudia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hayo ni maneno ya mama," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akitutania akituwekea bakuli, mimi na yule, tulipokuwa wadogo. Tangu siku ya gazeti sijayatamka." Akageuka. "Binti, umewahi kuyasikia humu?"

"Hapana, Usta." Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na wewe," akanigeukia tena, "ulimjibu nini?"

Nilitamani aniulize jambo lingine lolote. Aniulize nililipwa nini, aniulize nalalaje. Nikawatazama wote watatu, nikalitamka lile jibu langu zuri, lililochekesha watu sherehe mbili tatu. Nikasema mkono wangu ulikuja kula, haukuja kupika, na kwamba nilimnyooshea kiganja na kumwambia aende. Hakuna aliyecheka. Meza ya kulia waliendelea kuchovya mkate.

Usta akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. Akaipekua kwa kidole chenye unga mpaka akafika mahali palipoandikwa Mdogo, akaibonyeza, akaninyooshea.

"Mimi sina uso wa kuzungumza naye," akasema. "Wewe nawe huna. Lakini wewe ndiye uliyeambiwa."

Ikaita mara tatu. Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine ya kupulizia rangi, kisha sauti ya mtu mzima, nzito, ikasema kwa haraka na kwa hofu: "Kaka?"

Neno lile lilikuwa la Usta. Alikuwa amelisubiri miaka kumi na minne, na likaingia sikioni mwangu.

Nikajitaja. Nikasema ni nani, wapi, mwaka gani. Mashine ikazimwa. Nikadhani amekata simu.

"Meza ya dirishani," akasema mwishowe. "Shati la mistari. Hata mkate hukuugusa."

"Ndiye mimi."

"Nilikwambia, au sikukwambia?"

"Uliniambia. Uliniambia vizuri, nikakufukuza."

"Mwambie kaka."

"Nimeshamwambia."

"Basi mpe simu," akasema. Hakuwa na neno lingine na mimi, wala sikustahili.

Nikampa. Usta akaipokea kwa mikono miwili, akainuka, akaingia nayo jikoni, na mlango ukayumba nyuma yake mpaka ukatulia. Tulimsikia akisema jambo fupi kwa lugha yao. Kisha sauti ambayo ingeweza kuwa kilio au kicheko, na wapishi wakawa wanatoka mmoja mmoja kusimama kwenye ukumbi, wakijifanya wanapanga vikombe.

Mke wangu alifuta macho kwa kitambaa cha mezani. Mkono wake ukanishika kiwiko.

Sahani yangu ilikuwa imepoa. Mafuta yalikuwa yameganda kando ya bilinganya, ile aliyoichoma mwenyewe juu ya moto, akaimenya, akaipondaponda tangu asubuhi kwa ajili yangu. Nikanyanyua uso nimwite mama, kama ninavyomwita kila siku.

Alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ameikunja juu ya tumbo kama wanavyofundishwa. Alikuwa anaitazama sahani.

"Bwana," akasema, kwa upole ule ule wanaowekewa wageni wote, "umemaliza?"